Tulisoma Vitabu vya Watoto, na Hatukuomba Radhi

Shangazi yangu aliolewa Kisumu na karani wa reli, na kila Idi alitutumia kifurushi. Mara nyingi kilikuwa na khanga na ubani wa mama. Mwaka nilipotimiza miaka kumi kilikuja na vitabu vitano vyembamba vya watoto, vya Kiswahili, vyenye picha za rangi. Mama alipokifungua alidhani kuna kosa.

"Mimi niliomba sufuria," alisema. "Wifi yangu ameniletea makaratasi."

Wakati huo tulikaa Jinja, kando ya barabara inayoteremka kwenda Masese, ufukweni mwa ziwa. Sisi ni Wanubi. Babu wa baba yangu aliletwa kutoka Sudani akiwa askari wa Waingereza, na tangu hapo mtu wa Uganda akimwona Mnubi humwona na bunduki, hata kama amebeba kikapu cha nyanya. Baba yangu alitengeneza cherehani zilizoharibika. Chombo cha hatari kuliko vyote alichowahi kushika kilikuwa bisibisi. Nalisema hili mapema kwa sababu siku ilipofika hakuna aliyetuuliza.

Katika vile vitabu, kimoja kilimhusu paka aliyeishi stesheni na kujua saa za treni kuliko mkuu wa stesheni. Cha pili kilikuwa cha mama aliyeuza miavuli katika mji usionyeshewa mvua. Cha tatu, dada wawili wanagombania jozi moja ya viatu mpaka wanaenda harusini kila mmoja na mguu mmoja mtupu. Viwili vilivyobaki havikuwa vizuri, na sitavisifia kwa sababu tu ni vya zamani. Vilikuwa vya kufundisha usafi.

Rafiki yangu shuleni alikuwa binti wa askari magereza, Mteso, yaani mtu wa Teso, Mkristo, mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Walikaa kwenye nyumba za askari, karibu na gereza. Kiswahili alikijua, lakini kilikuwa kile cha kambini, cha kuamrisha na kujibu amri. Nilipomsomea ukurasa wa kwanza wa paka alinikodolea macho.

"Kumbe Kiswahili iko na mambo ya kuchekesha?" aliuliza. "Mimi nadhani ni ya kupanga watu mstari tu."

Basi tukawa tunateremka Masese baada ya shule, tukipitia kwa mama mmoja aliyekaanga muhogo, na kukaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Hapo wanawake walianika dagaa juu ya nyavu kuukuu, na harufu yake iliingia kwenye nywele, kwenye sare, na kwenye kurasa. Mafuta ya muhogo nayo yaliacha alama za vidole. Tulisoma kwa zamu, ukurasa mmoja mmoja, na aliyekosea neno alimpa mwenzake kipande cha muhogo. Rafiki yangu alikosea sana mwanzoni. Nilinenepa.

Mwanamke mmoja Msoga, mkubwa wa mwili, mwenye sehemu yake ya kuanikia karibu na mtumbwi wetu, alitukemea siku ya kwanza. "Hiyo rugha ya majeshi," alisema. "Watu wanaporwa kwa hiyo rugha. Endeni mukasome mbari."

Hakusema uongo. Miaka ile mtu akisikia Kiswahili mlangoni alijua kwamba askari wamefika. Lakini hatukwenda mbali. Siku ya pili tulisoma kwa sauti zaidi. Siku ya tatu tulipomaliza kurasa za siku hiyo na kufunga kitabu, yule mama aliweka ufagio wake chini akasema, bila kututazama, "Na uriye paka, aripanda treni au hakupanda?"

Tulimwambia mpaka kesho.

*

Vita vilikuja kutoka magharibi. Tulianza kuona magari yakivuka daraja la bwawa kwenda mashariki, yamejaa askari wa serikali iliyokuwa inaanguka, ile ambayo watu waliiita serikali ya Wanubi, pamoja na vitanda, majokofu na magodoro ya watu. Shule ilifungwa. Mama alinikataza kutoka, nami nilitoka. Watu huniuliza kama niliogopa. Niliogopa. Lakini pia ilikuwa zamu ya rafiki yangu kukaa na vitabu wiki ile, na mimi nilitaka kusoma, na njia ya kwenda kwao ilikuwa fupi.

Kisha wakombozi wakaingia mjini. Watu walishangilia barabarani, na mimi pia nilishangilia, nikipunga jani la mgomba. Kesho yake asubuhi mtaa wetu ulikuja nyumbani kwetu.

Sisemi wageni walikuja. Mtaa ulikuja. Walibeba cherehani zote za baba, nyingi zikiwa za wateja wake, na baadhi ya wabebaji walikuwa ndio hao wateja. Walibeba sufuria, wakang'oa mlango, wakang'oa na fremu ya mlango. Baba alikuwa sokoni, na huko huko alikamatwa kwa sababu ya uso wake. Mama alitushika, mimi na wadogo zangu wawili, tukatoka kwa nyuma kupitia shamba la mahindi, na nilipoona hajui aende wapi nikamvuta mkono. Nilijua nyumba moja tu.

Baba wa rafiki yangu alikuwa amebaki kazini wakati wenzake wengi wamekimbia. Alisema wafungwa hawawezi kujipikia. Mama wa rafiki yangu alitutazama tulivyosimama, akasogeza sufuria, akatuingiza jikoni.

Saa haikupita wakaja watu watano na marungu. Yule mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, unadondosha uji wa mtama.

"Wanubi wako humu?" wakauliza.

"Humu iko watoto nakula," alijibu. "Nani kati yenu nataka kuja hesabu sahani yangu?"

Walisimama kidogo. Kisha mmoja akacheka, wakaondoka. Sijui kwa nini. Nimejaribu miaka mingi kupata sababu na sijaipata, ila nadhani hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupita kwenye ule mwiko.

Tulikaa jikoni mle siku sita. Vile vitabu vitano vilikuwa pale, juu ya kabati la vyombo, ndiyo maana havikuibiwa pamoja na vitu vyetu vingine. Mchana tuliwasomea wadogo zetu, wake na wangu. Tulipofika pale dada wawili wanapofika harusini na kiatu kimoja kimoja, waliangua kicheko, na mama yangu akaruka kutoka alipokaa.

"Nyamazeni! Mtatuua!"

"Waache, dada," mama wa rafiki yangu alimwambia. "Nyumba ya watoto nakaa kimya, ndiyo watu naona imeficha mtu."

Kwa hiyo tulicheka kwa amri. Katika maisha yangu sijawahi kucheka vizuri hivyo. Nasema hivi nikijua baba yangu alikuwa wapi siku zile. Mtoto anaweza kulia asubuhi kwa ajili ya baba yake na mchana akacheka mpaka tumbo likamuuma, na anayeona hilo ni aibu hajawahi kufungiwa jikoni.

Siku ya saba ilipatikana lori ya mahindi inayokwenda Mbale. Mama alikuwa na mjomba wake aliyekaa Nakaloke, karibu na Mbale, mkulima na muuza vitunguu. Mimi na rafiki yangu tuligawana vitabu nyuma ya choo. Alichukua miavuli na viatu. Nikachukua paka. Vile viwili vya usafi tulisukumiana.

"Chukua wewe, wewe nasafiri."

"Hapana, ninyi mmetukaribisha. Ni zawadi."

Vilibaki kwake.

*

Kabla ya kufika Tororo kulikuwa na kizuizi. Siku zile sare zilikuwa nyingi na sikujua yule askari alikuwa wa upande gani. Alitushusha, akafungua furushi la mama kwa mdomo wa bunduki. Ndani mlikuwa na shuka, msahafu, na kitabu changu. Alikiokota, akasoma ukurasa wa kwanza amesimama juani, akafungua wa pili, akatabasamu.

"Nina binti wa umri wako," aliniambia. "Hiki nitampelekea."

"Hapana, afande," nikasema.

Mama alinifinya begani kwa nguvu, alama yake ilikaa wiki nzima. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, nikaona afadhali nilifuatishe na lingine. "Bado hatujakimaliza."

Nilikuwa nimeshakimaliza pengine mara arobaini. Alicheka, akanipigapiga kichwani, akakiweka kwenye mfuko wa koti. Alisema asante. Nilimchukia kwa ile asante kuliko ambavyo ningemchukia kwa kofi. Lori ilipoondoka mama alianza kunikaripia, kisha akaacha, akageuza uso upande wa mashamba, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia. Nilipochungulia nikaona anacheka. "Bado hatujakimaliza," alirudia. "Ee Mungu, huyu mtoto."

Nakaloke tulipewa chumba nyuma ya ghala la vitunguu. Watoto wa hapo walituita kwa jina la waasi wa Sudani, ingawa sisi wote hatukuwahi kuiona Sudani. Darasani mwalimu alituonya siku ya kwanza: Kiingereza shuleni, Kigisu nyumbani, na Kiswahili, alisema akinitazama mimi, ni lugha ya wezi.

Nilirudi ghalani nikachukua daftari la hesabu, nikaligeuza, nikaanza kuandika hadithi ya paka kutoka mwisho wa daftari kuja mbele. Kila neno nililikumbuka. Picha sikuziweza. Paka wangu alifanana na kiazi kikuu chenye mkia. Msichana tuliyekaa naye dawati moja, Mgisu, alichungulia, akanyang'anya penseli bila kuuliza, akachora paka ambaye hata mimi nilimwogopa kidogo. Hivyo ndivyo tulivyokuwa marafiki. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, kwa hiyo nilimsomea sentensi, nikamweleza, naye akairudia, mpaka akaanza kunisahihisha.

Mwalimu alilikamata daftari na kulichana mbele ya darasa. Niliandika tena. Akalichana tena, safari hii na viboko vitatu. Alidhani amemaliza. Kumbe wakati nikiandika mara ya tatu, yule rafiki yangu wa dawati alikuwa amenakili ya kwake, na binamu yake akanakili kutoka kwake, na kufikia msimu wa mvua sijui nakala zilikuwa ngapi. Tulizisoma wakati wa chakula, nyuma ya darasa, tukila mahindi ya kuchemsha. Kila mwandishi alibadilisha alipopenda. Kwa mmoja paka alipanda mlima Wanale, akaona kuna ubaridi, akashuka. Kwa mwingine alikataa samaki akadai malewa ya karanga, yale machipukizi ya mianzi ambayo Wagisu wanayapenda kuliko nyama. Ya kwangu ndiyo iliyokuwa sahihi kabisa, na ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Baba alitufikia baada ya miezi saba, bila meno mawili ya mbele. Mama alimwosha, akampa uji, akamlaza. Siku ya nne aliomba kusikia kitabu cha paka alichosikia wadogo zangu wakikibishania. Nilimsomea kile cha malewa. Alicheka akiwa amefunika mdomo kwa mkono, na mama akamtoa ule mkono polepole, akaushikilia, ili acheke vizuri. Baadaye alipata bisibisi nyingine, akaanza upya, kwenye kibaraza cha duka la Mhindi aliyekuwa amefukuzwa nchini.

*

Nilikua, nikajifunza kupiga chapa, nikapata kazi ya ukarani mjini Mbale na chumba na sebule mtaa wa Nkoma. Vita vilikuwa havijaisha, vilikuwa vimehama tu. Safari hii vilikuwa Teso, na watu wa huko waliingia Mbale kwa miguu na kwa baiskeli, wamebeba walichoweza.

Siku moja sokoni Nakaloke nilikuwa nabishana juu ya bei ya mtama. Nyuma yangu mtu akasema, "Sauti hiyo mimi naijua. Na hicho Kiswahili cha kuvaa viatu."

Nikageuka. Alikuwa rafiki yangu wa Jinja, amekonda zaidi, amekaa nyuma ya rundo la ufuta, na mtoto mgongoni. Tulikumbatiana mpaka ufuta ukamwagika, tukaanza kuuokota pamoja huku tukiongea wote kwa mara moja. Mume wake alikuwa ameuawa. Ng'ombe walikuwa wamechukuliwa wote. Mama yake, yule wa mwiko, alikuwa amefariki kwa maradhi kabla ya hayo yote, kitandani kwake, na rafiki yangu alinisisitizia hilo: kitandani kwake.

Nikauliza vitabu.

"Viliungua na nyumba," alisema. "Miavuli, viatu, vyote." Akaokota punje chache za ufuta. "Hata vile viwili vya usafi. Mungu hasahau watu wake."

Tulicheka pale sokoni, wajane wenzake wakitutazama kama wendawazimu. Jioni ile niliwahamishia kwangu, yeye na watoto wake watatu.

Jumamosi zetu zilianza hivyo. Kulikuwa na mzee aliyetandaza vitabu vya mitumba karibu na mnara wa saa, na kila mwisho wa mwezi nilinunua kitabu kimoja cha watoto. Watu waliokwenda Kenya niliwaagiza vingine. Rafiki yangu wa dawati, ambaye sasa alikuwa muuguzi na bado anachora paka kwenye karatasi yoyote iliyomkalia mbele, alikuja akitoka zamu, akavua viatu, akaweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Tulichemsha chai ya tangawizi. Tulikaanga karanga. Wanawake watatu wazima, tukasoma kwa zamu, ukurasa mmoja mmoja, mchana mweupe, mlango wazi.

Mlango wazi tuliukusudia. Jirani yetu mmoja, mama mcha Mungu sana, alisimama pale Jumamosi moja akatikisa kichwa. "Watu wazima," alisema. "Nchi imejaa yatima na ninyi mnasoma habari za sungura na kofia."

Mimi nilianza kujieleza. Kwamba ni kwa ajili ya watoto, kwamba ni kujifunza lugha. Rafiki yangu wa Jinja akanikatiza.

"Si kwa ajili ya watoto, mama," alisema. "Ni kwa ajili yetu. Hatukusoma vya kutosha wakati wetu, watu walikuwa wanatusumbua. Karibu chai."

Hakukaribia siku hiyo. Alikaribia mwezi uliofuata, akabaki, na tukagundua kwamba anajua kuigiza sauti ya simba kuliko sisi wote.

Kisha akaja kijana mpole mwenye daftari, kutoka ofisi iliyosaidia waliokimbia vita. Alitaka kuandika habari za rafiki yangu. Alimuuliza amepoteza nini, naye akajibu kila kitu, bila kuficha: mume, ng'ombe, nyumba. Kijana aliandika. Kisha akamuuliza siku zake sasa anazipitishaje, naye akamwambia juu ya Jumamosi, chai, karanga, muuguzi na beseni, kitabu cha fisi anayeogopa kunyoa. Kalamu ilisimama.

"Hiyo si lazima tuiweke," kijana alisema kwa adabu.

"Kwa nini?"

"Mama, watakaosoma wanaweza kudhani hamhitaji msaada."

Rafiki yangu alinyoosha mkono, akageuza daftari upande wake. "Mimi nahitaji blanketi mbili na dawa ya mtoto," alisema. "Andika hiyo. Halafu chini yake andika fisi. Kama mtu nataka kunipa blanketi mpaka kwanza nisicheke, akae nayo."

Kijana aliandika. Sijui kama alifuta alipofika ofisini. Blanketi zilikuja mbili, na moja imo ndani ya sanduku langu mpaka leo.

Sasa tumezeeka. Vita vya Teso vilikwisha, yeye akajenga upya kwao kisha akarudi Nkoma kwa sababu, alisema, kule hakuna mtu wa kubishana naye. Muuguzi amestaafu. Macho yake yamechoka, kwa hiyo tunamsomea zamu yake na yeye anatusahihisha matamshi, ya Kiswahili, yeye aliyeanza na salamu tu. Vijana wa siku hizi wanasema Kiswahili kitafundishwa shule zote. Vizuri. Sisi hatukungoja.

Wajukuu hufika Jumamosi wakidhani yote yale yamepangwa kwa ajili yao. Juzi wajukuu wangu wawili wa kike walikuta tuko katikati ya kitabu kipya, cha kobe aliyefungua saluni, na mdogo akanyoosha mkono kukichukua kutoka kwa rafiki yangu.

"Bibi, tupe tusome."

Rafiki yangu alikiinua juu ya kichwa chake.

"Kaa chini, kula karanga," alimwambia. "Mimi bado ukurasa huu haijaisha."